Injini Aliyoichagua Orval

Twyla Tackett hajui kutulia. Kanisani hukaa mwisho kabisa wa benchi kama mtu anayengoja kuitwa, na kwenye basi la shule analoliendesha vidole vyake hupiga ngoma juu ya usukani mpaka taa igeuke kijani. Lakini mwaka ule, akiwa na miaka hamsini na saba, alizidi. Kahawa alikunywa wima. Chakula alikula akitembea. Na kila baada ya muda mfupi alitoka kwenda gereji kuikodolea macho Nova yake, utadhani injini iliyopasuka hupona kwa kutazamwa.

Nova hiyo ni Chevrolet ya mwaka 1970, ya buluu, milango miwili na boneti ndefu ya majivuno. Aliinunua akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, kwa mshahara wa kiwanda cha viatu, kabla kiwanda hakijafungwa. Waume wawili wamekuja na kwenda, Nova ipo. Hapa Pell Creek, kusini mwa Ohio, hakuna anayelicheka jambo hilo. Wapo wanaume waliouza shamba wakabakiza gari.

Mwezi wa nane, akishuka mlima kutoka kumchukulia baba yake dawa, alisikia kitu kikigonga chini ya boneti, halafu kishindo kimoja kikubwa, halafu kimya na moshi. Mkono wa pistoni ulikuwa umekatika na kutokea ubavuni mwa injini. Tundu lililobaki lilipitisha ngumi.

Mwaka mwingine angesema itasubiri. Mwaka huu uwanja wa mbio ulikuwa unafungwa. Ni lami nyoofu ya robo maili nje ya mji: magari yanasimama mawili mawili, taa inawaka, yanaondoka, na ubao mkubwa wa mbele unamwambia kila mtu umetumia sekunde ngapi. Uwanja ulikuwa umeuzwa, pajengwe maghala. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tisa ndiyo ingekuwa siku yake ya mwisho.

Orval, baba yake Twyla, ana miaka themanini na minne. Alisimama kwenye mstari wa kuanzia wa uwanja ule kwa miaka thelathini na mmoja, akiyaruhusu magari ya watu kwa mkono wake, kabla ya kuja taa na hata baada ya taa. Yeye mwenyewe hajawahi kupanda na bintiye mbioni. Mtu wa mstarini haondoki mstarini, na abiria walikuwa marufuku. Wenye uwanja walisema siku ya mwisho wataruhusu abiria. Orval, mtu asiyeomba hata apitishiwe chumvi mezani, akaomba.

"Twyla, nataka nipande na wewe mara moja. Niisikie Nova kutokea ndani."

Hilo tu ndilo alilotaka, na Nova ina tundu ubavuni.

Aliyeletwa kulitazama tundu ni Gil Hobart, fundi wa mabasi ya shule, mtu mwenye mikono mizuri na mdomo usio na breki.

"Hii ya zamani inachomeleka," alisema, kichwa kikiwa ndani ya boneti. "Nina fundi mmoja anaweza. Atakurudishia mwezi wa kumi na moja."

"Mwezi wa kumi na moja nikashindane na maghala?"

"Basi agiza mpya. Inakuja kwenye sanduku kama keki ya harusi."

"Dola ngapi hiyo keki?" Twyla akauliza. Gil akataja. Twyla akacheka cheko la hasira, maana ilikuwa mishahara yake ya miezi minne.

"Haya, weka injini ya pikapu za siku hizi. Vijana wote wanaweka hizo. Bei poa, nguvu kama punda. Ila utanunua na kompyuta yake, na nyaya zake, na pampu yake, na mganga wa kuviunganisha."

"Gil, nina wiki tano!"

"Ndiyo maana nakwambia, dada, tafuta kama iliyokufa. Mia tatu hamsini iliyotumika. Inakaa palepale, boliti zilezile, unawasha. Ila angalia wasikubambikie mia tatu na tano."

Hilo la mwisho hakuhitaji kuambiwa. Mtoto wa Pell Creek hulijua kabla hajajua kujumlisha. Hizo ni namba za ukubwa wa injini, na kwa nje injini hizo mbili ni mapacha, hakuna macho yanayozitenganisha. Kwa ndani mia tatu hamsini ina nafasi pana za pistoni na mia tatu na tano nyembamba; ya kwanza inavuta, ya pili inajikongoja. Kinachozitofautisha ni namba iliyo kwenye chuma chenyewe, nyuma kabisa, pale injini inapokutana na gia boksi, mahali pa mafuta machafu na giza. Kila mtu huisoma hiyo namba kabla hajatoa pesa.

Kila mtu isipokuwa Orval Tackett. Orval hakuwahi kusoma namba ya mtu, kwa sababu alikuwa na sikio. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye chuma cha injini inayonguruma, mpini akauegemeza kwenye mfupa nyuma ya sikio, akafumba macho, kisha akakuambia ukubwa wa injini, ugonjwa wake, na wakati mwingine tabia ya aliyekuwa akiiendesha. Watu walitoka kaunti tatu kuja kulitafuta sikio lile. Lililea watoto wanne.

Sasa sikio lilikuwa limekwenda. Twyla alilijua hilo nusu nusu. Runinga ya mzee ilisikika mpaka barabarani. Mezani alicheka wengine wakicheka, na aliongea mfululizo ili mtu asipate nafasi ya kumuuliza kitu. Mara mbili Twyla alimwekea miadi kwa daktari wa masikio, mara mbili mzee alikataa kutoka kitandani. "Masikio haya yamekulisha," alimwambia. "Leo unataka kuyatia plastiki?" Twyla akajipa moyo kwamba kidogo bado anasikia. Lazima anasikia kidogo.

Jumamosi ile waliondoka asubuhi kwenda kwa Denny Strunk, anayeuza injini zilizotumika nyuma ya nyumba yake, kaunti ya jirani. Njia nzima Twyla alibadilisha stesheni za redio. Orval alikuwa ameishika bisibisi mapajani, imefungwa kwenye kitambaa safi.

Denny alikuwa nazo mbili. Moja imepakwa rangi ya chungwa inayong'aa, vifuniko vyake vya kromi vinakuonyesha uso wako, na juu kabisa, kwenye kifuniko cha chujio la hewa, kibandiko: 350. Ya pili nyeusi kwa uchafu, imetolewa kwenye gari la kusambazia maziwa lililogongwa, inavuja kama pua ya mtoto. Alizifunga moja baada ya nyingine kwenye fremu ya chuma yenye radieta na kopo la petroli, akaziwasha mbele yao.

Orval alianza na ile nyeusi. Ncha kwenye chuma, mpini nyuma ya sikio, macho akafumba. Akakaa hivyo dakika nzima. Kisha ya rangi ya chungwa. Hapo alitabasamu. Denny, aliyesikia sifa za mzee huyu tangu utotoni, alivua kofia.

"Zima," Orval akasema, na akasogea hatua mbili kando, akawapa mgongo, akaanza kuifuta bisibisi yake polepole kama daktari aliyemaliza kazi.

Twyla hakuweza kungoja. Alipiga magoti nyuma ya ile ya rangi ya chungwa, akatia mate kwenye kitambaa, akasugua, akamulika tochi. Akaisoma namba. Akasugua tena, kana kwamba namba ni uchafu. Akaenda kwenye ile nyeusi, akasugua, akasoma.

"Denny Strunk," alisema kwa sauti kamili, "hii ya rangi ni mia tatu na tano."

"Mimi sijasema ni kubwa, mama. Kifuniko ndicho kimesema."

"Na hii ya uchafu ndiyo mia tatu hamsini."

"Hiyo ndiyo. Na bei yake ni nusu, kwa ajili ya sura."

Twyla alikuwa tayari anacheka, kashinda, kampata Strunk kwenye kona. Ndipo alipouona mgongo wa baba yake. Haukuwa umetikisika. Mzee alikuwa hatua mbili tu, bado anafuta bisibisi, na binti yake ametoka kutamka kwa sauti ya dereva wa basi la shule kwamba ameisoma namba.

"Baba," alisema.

Mgongo ukabaki mgongo.

"Baba, nyumba yako inaungua. Injini uliyoipenda ni takataka. Baba!"

Denny alimtazama mzee, akamtazama Twyla, na uso wake ukabadilika. Akaivua tena ile kofia ambayo alikuwa ameshairudisha kichwani. "Chukua nyeusi, mama," alisema kwa upole, kana kwamba kuna mgonjwa. "Nitapunguza tena. Chukua tu."

Orval akageuka. Uso ule Twyla hakuwa ameuona tangu mama yake afariki: uso wa mtu aliyerudi kazini. Akaipiga ile ya rangi ya chungwa begani kama farasi.

"Hii," alisema kwa ile sauti yake kubwa ya siku hizi. "Ile nyeusi ina kokoto tumboni. Hii inaimba. Umeisikia, Twyla?"

Angeweza kusema. Akautazama ule uso.

"Nimeisikia, Baba."

Na akalipa.

Gil aliigundua kabla hata cheni haijaishusha chini. "Twyla, umelogwa? Namba hii hapa! Bibi yangu angeiona, na bibi yangu amekufa!"

"Funga boliti, Gil."

"Hata ukiipaka manukato ni mia tatu na tano."

"Nimesema funga. Na ukimwambia mzee, nitakuvunja hiyo mikono mizuri."

Gil alifunga boliti, akinung'unika. Wiki mbili zile Twyla hakukalika naye. Injini iliwaka vizuri, haikuvuja, ingempeleka sokoni na kanisani miaka kumi bila malalamiko. Lakini kila alipoikanyaga ili ipande mlima, ilitoa sauti nyingi na mwendo kidogo. Akawa anahesabu sekunde mwenyewe kwa mdomo. Siku moja alipita kituo na watoto sita wamesimama pale na mabegi, akalazimika kurudi kinyumenyume huku wakimzomea. Alikuwa akiufikiria ubao. Ubao wa uwanjani hauna haya wala huruma. Unaandika namba kwa taa, kubwa kama mlango, na macho ya Orval hayakuwa na tatizo lolote. Ndani ya kisanduku cha dashibodi, kwenye mfuniko, ilikuwapo namba nyingine ambayo mzee aliiandika kwa penseli mwaka 1988, siku bora ya Nova: sekunde 13.94.

Jumapili ya mwisho watu walijaa kama sikukuu. Walikaa kwenye viti vya kukunja, wanakula soseji ndani ya mkate, wanapigana makofi ya mgongoni. Orval alisimamishwa kila hatua. Alicheka wakicheka. Alivaa kofia ngumu ya mbio, akaingia Nova, akafunga mkanda, akaweka viganja vyote viwili juu ya dashibodi.

Wakapangwa na pikapu ya fundi bomba wa mjini, mwenye ngazi bado imefungwa juu. Watu walicheka kwa kumhurumia fundi bomba. Taa ikawaka. Twyla akakanyaga kufa na kupona, Nova ikanguruma vizuri tu, na ngazi ikawapita katikati ya njia. Ikaendelea kuwapita. Twyla alimwona fundi bomba akigeuka kuwatazama, amepigwa na butwaa.

Ubao: 16.91.

Barabara ya kurudia hupita pembeni mwa uwanja, mwendo wa polepole. Orval alifungua kisanduku cha dashibodi, akaisoma namba ya penseli, akakifunga. Kisha akaivua kofia ngumu.

"Simama hapa."

Twyla akasimama.

"Pale kwa Strunk. Uliisoma namba?"

Twyla alimgeukia uso mzima, akasema polepole ili midomo ionekane. "Niliisoma."

"Ilikuwa ndogo."

"Ndogo."

"Na nyeusi?"

"Nyeusi ndiyo kubwa." Machozi yakaanza kumtoka. "Na ilikuwa nusu bei."

Orval akaipiga dashibodi kwa kiganja mpaka kioo kikalia. "Twyla! Sisikii kitu! Tangu Pasaka sisikii kitu, niliweka bisibisi pale nikasikia mfupa wangu mwenyewe! Nilichagua yenye rangi nzuri! Wewe una macho, una namba mbele yako, kwa nini hukunipiga bega?"

"Ulifurahi sana, Baba. Sikuweza."

"Nilifurahi! Na sasa nimepitwa na ngazi!" Alihema. "Umenifichia aibu yangu mbele ya Strunk, ukaniletea mbele ya kaunti nzima."

Ilikuwa kweli. Twyla alilia kama mtoto, mikono kwenye usukani, na kwa mara ya kwanza mwaka ule vidole vyake vilitulia. Mzee alimwacha kidogo. Halafu akafungua mlango.

"Buti," alisema. "Toa tairi la akiba. Toa jeki. Toa kiti cha nyuma, kina boliti nne."

"Tunafanya nini?"

Hakumsikia, lakini alijibu. "Foleni bado ipo. Jua bado lipo. Punguza uzito." Akashika upande mmoja wa kiti cha nyuma, na wote wawili wakakitoa, wakakiweka kwenye majani. Watu wakaanza kusogea kutazama. Kisha Orval akajipiga kifua. "Na mimi. Kilo tisini."

Twyla alimshika mkono, akamgeuza amtazame. "Baba, nimeweka injini hii ili upande wewe!"

"Nimeshapanda," Orval akasema. "Nimetikisika tu. Kule nyuma nilikokuwa nasimama, angalau nitaona."

Akaenda kwa miguu mpaka mstarini. Kijana aliyekuwa akisimamia mstari alimwona akija, akajitoa kando bila kuambiwa. Foleni ilipofika, fundi bomba alikuwa amejipanga tena makusudi, anacheka, na ngazi yake juu. Orval alisimama katikati ya magari mawili, akamtazama fundi bomba, akamtazama bintiye. Taa hakuijali. Aliinua mkono kama alivyouinua miaka thelathini na mmoja, akaushusha.

Twyla aliondoka na mkono ule, si na taa. Nova ilikuwa nyepesi. Ngazi ikawa kando yake, ikabaki kando yake, hata mwisho ndipo ikachungulia mbele kwa urefu wa bampa.

16.38.

Alishindwa tena. Watazamaji walisimama wakapiga kelele kama ameshinda, lakini alishindwa. Alichukua kwenye dirisha la uwanja kikaratasi cha sekunde zake, akarudi taratibu hadi kwa baba yake, aliyekuwa amekaa juu ya kiti cha nyuma cha Nova pale majanini, kama mtu aliye sebuleni kwake. Orval alikisoma kikaratasi, akakikunja mara mbili, akakitia mfuko wa shati.

"Nusu sekunde," alisema. "Hiyo nusu sekunde ilikuwa ni mimi."

Twyla akakaa pembeni yake. Nyuma yao mtu alikuwa ameanza kung'oa waya wa ubao. Waya ukaisha kung'olewa, na Twyla hakuinuka.

"Kesho," mzee akasema, "nipeleke kwa yule daktari wa masikio."

Twyla alimgeukia ili amwone mdomo. "Kwa nini sasa, Baba? Uwanja ndio umefungwa."

"Ile nyeusi bado ipo kwa Strunk?"

"Nadhani ipo. Nani ataitaka?"

"Basi nipeleke. Safari hii nataka kukisikia ninachonunua."